Weupe wa kanzu za Waiberia haupakwi kwa rangi nyeupe

SWALI: Naishi Mombasa na nimeanza kujenga jeshi la Hannibal, jemadari wa Karthago aliyepigana na Roma, kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani. Sasa nimefika kwa askari wa Iberia (rasi ya Hispania na Ureno za leo), sanamu za plastiki za milimita 28. Picha nyingi ninazoziona zina kanzu fupi nyeupe zenye pindo jekundu, nyingine pindo la zambarau. Ipi ni sahihi? Pili, nyeupe yangu inatoka chokaa chokaa, imejaa michirizi ya brashi, na pindo linakwenda upogo. Je, wote wavae sare moja? Na mwisho, ninaweza kuwatumia hao hao kama Waseltiberia, watu wa bara la Iberia, wa mji wa Numantia?

JIBU: Tuanze na pindo, maana hilo lina jibu lililoandikwa. Polybius, Mgiriki wa karne ya 2 KK, anapoeleza jinsi Hannibal alivyopanga jeshi lake pale Cannae, kusini mwa Italia, mwaka 216 KK, anasema Waiberia walivaa kanzu fupi za kitani zenye pindo la zambarau, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Livy, Mroma aliyeandika karibu karne mbili baada ya vita hivyo, anarudia habari hiyo na kuongeza kwamba weupe wa kanzu hizo uling'aa ajabu. Sehemu kubwa ya unachokiona kwenye majalada ya maboksi na michoro ya vitabu imechipuka hapo. Sisemi si kweli. Nasema ni habari ya jeshi moja katika siku moja, kwa hiyo usiigeuze kuwa sheria ya watu wote walioishi kwenye rasi ile kwa miaka mia tatu.

Kuhusu rangi yenyewe, zambarau halisi ya kale ilitoka kwa konokono wa baharini, na Wafoinike, mabaharia wa Lebanoni ya leo walioanzisha Karthago, katika Tunisia ya sasa, na pia Gadir, yaani Cádiz ya leo, walijulikana kwa biashara hiyo. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akaambulia gramu 1.4 za rangi. Sasa piga hesabu ya mapindo ya maelfu ya askari wa miguu. Iberia, hata hivyo, ilikuwa na nyekundu yake, iliyotokana na wadudu wadogo wanaokaa kwenye mialoni. Pliny, mwandishi Mroma wa karne ya 1 BK, anaisifu ile ya karibu na Emerita, Mérida ya sasa, na kusema kwamba maskini wa Hispania waliitumia kulipa nusu ya kodi yao. Mimi naona askari wa kawaida alikuwa na kitu cha namna hiyo kwenye pindo lake, pengine utepe wa sufu ulioshonewa, kwa sababu kitani hakishiki rangi kirahisi kama sufu inavyoshika.

Kwa hiyo paka damu ya mzee. Chukua nyekundu iliyoiva, utie tone la zambarau na chembe ya kahawia. Ukitaka kuipa mwanga, usiongeze nyeupe, itageuka waridi mara moja. Ongeza rangi ya chungwa kidogo, au ile unayotumia kwa ngozi. Zambarau kamili mwekee kamanda na mshika bendera, ili wajulikane hata ukitazama kutoka upande wa pili wa meza.

Tuje kwenye weupe, ambao ndio unaokusumbua. Wewe uko Mombasa, kwa hiyo somo liko karibu. Ijumaa mchana, watu wanapotoka msikitini, zitazame kanzu zao. Angalia makunyanzi chini ya kwapa, angalia pale kitambaa kinapojikunja nyuma ya goti. Hutaona nyeusi, wala kijivu cha saruji. Penye kivuli utaona samawati hafifu au kahawia iliyopauka, na penye jua kali utaona weupe wenye unjano kwa mbali. Sehemu iliyo nyeupe kabisa ni ndogo sana, labda begani na juu ya kifua. Kitani cha kale nacho, hata kikipaushwa vizuri, kina asili ya majani makavu ndani yake. Rangi nyeupe uliyoimwaga kanzu nzima tangu mwanzo haikuachi pa kwenda: huwezi kuongeza mwanga juu yake, na kivuli chochote utakachotia kitaonekana kama uchafu.

Mimi huanza na praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote, ya kijivu hafifu au ya krimu. Praima nyeusi ni nzuri kwa Waroma waliovaa deraya ya pete za chuma, lakini kwa askari hawa utajitesa bure. Kisha changanya sehemu 2 za rangi ya mchanga na sehemu 1 ya kijivu hafifu, paka kanzu yote, na usubiri ikauke kabisa kabla ya kurudia. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Kwenye meza itaonekana kama kitambaa kichafu cha kahawia, nawe utashawishika kuirekebisha. Iache.

Baada ya hapo chukua kahawia yenye ukijivu, izimue kwa maji mpaka iwe nyepesi, uipitishe ndani ya makunjo tu kwa ncha ya brashi. Watu wengi humwagia sanamu nzima rangi ya kivuli kisha wakangoja ijipange yenyewe. Kwenye manyoya, nywele na deraya inafanya kazi vizuri. Kwenye nguo nyeupe inaacha madoa ya duara kila inapokauka, na ukiwa na sanamu 40 utayaona madoa hayo kila mahali. Sasa rudi juu na rangi ya pembe ya ndovu, ukigusa migongo ya makunjo na kuyaacha mabonde. Halafu pembe iliyochanganywa na nyeupe nusu kwa nusu, eneo dogo zaidi. Nyeupe tupu ije mwisho kabisa: mstari mwembamba begani, nukta kwenye kunjo linalotokeza chini ya mshipi, basi.

Chokaa unayoilalamikia haina siri. Rangi nyeupe ya akriliki imejaa unga wa titani, na inapoanza kukauka kwenye brashi kabla haijatua, unga huo hubaki juu kama vumbi. Chumba chenye joto na pangaboi linalozunguka juu ya kichwa chako huikausha ukiwa bado unapeleka mkono. Zima pangaboi kwa muda unaopaka nyeupe. Kama joto linakushinda, paka usiku. Pia jitengenezee paleti yenye unyevu, haigharimu kitu: kontena la plastiki la chakula lenye kifuniko, sponji iliyolowa chini, karatasi ya kuokea mikate juu yake, na rangi juu ya karatasi. Maji hupanda taratibu kupitia karatasi na rangi hukaa laini kwa saa nyingi. Kwa hali ya hewa ya pwani ukungu huota humo upesi, kwa hiyo badilisha maji na uioshe sponji kwa sabuni kabla haijaanza kunuka.

Kupima uzito wa rangi, ipake kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiufunika ukucha kabisa, ni nzito. Ikikimbilia pembeni, umezidisha maji. Ukucha ukionekana kwa mbali chini ya rangi nayo imetulia mahali pake, hapo ndipo.

Pindo linakwenda upogo kwa sababu unajaribu kulichora mstari mmoja safi kwa mara moja. Hakuna anayeweza hivyo, labda fundi wa miaka mingi. Paka damu ya mzee kwa upana zaidi ya unaoutaka, bila kujali ukingo wa juu ukiyumba. Kwa ukingo wa chini tumia ubavu wa brashi, sio ncha, uuteleze kwenye mdomo wa kanzu. Kisha rudi na ile rangi ya mchanga na kijivu uliyoanzia, uukate ukingo wa juu kutoka upande wa kanzu. Mstari ulionyooka utaupata kwa kuusahihisha. Ndiyo maana kazi ya pindo ifanywe kabla ya miguso ya mwisho ya weupe, ili usije ukaharibu kilichokwisha kumalizika. Gandisha sanamu kwenye kizibo cha soda, egemeza viganja vyote viwili pamoja, kisha zungusha kizibo na uache mkono wa brashi utulie.

Upana nao una hesabu yake. Katika ukubwa huu, milimita 1 ni kama sentimita 6 za mtu halisi. Pindo la milimita 1 linatosha kabisa. La milimita 2 tayari ni sentimita 12, na askari wako ataonekana amevaa leso. Mikononi na shingoni weka mstari mwembamba zaidi, au usiweke kitu.

Kuhusu sare, jibu langu ni hapana, ila usiende mbali mno. Hawa walikuwa watu wa makabila mengi, kila mmoja akiwa na nguo iliyofumwa nyumbani kwao, na waliotoka Hispania mwaka 218 KK walikuwa wamevuka Alpi na kupigana Italia kwa miaka miwili. Kanzu zile zilikuwa zimefuliwa mitoni, zimetiwa viraka, nyingine zimekwisha. Katika kikosi cha sanamu 20, waache 12 au 13 wawe na kitani cheupe chenye pindo, wengine wavae sufu isiyotiwa rangi, ya krimu au ya kijivu cha kondoo, mmoja au wawili wavae kahawia. Tengeneza michanganyiko miwili ya nyekundu ya pindo, mmoja uliokolea na mmoja uliochujuka. Ukiwatazama kwa mbali wataonekana jeshi moja, na ukiwasogelea kila mtu atakuwa na nguo yake.

Ukitaka rangi nyingine, sanamu ya mwanamke iliyofukuliwa Baza, mkoani Granada, mwaka 1971 ni mwalimu mzuri. Ni ya karne ya 4 KK na bado ina rangi zake: joho la samawati, na ukingo wenye miraba midogo ya nyekundu na nyeupe. Iliwekwa kaburini pamoja na silaha, ingawa mifupa iliyochomwa iliyokuwamo ni ya mwanamke, jambo ambalo wanaakiolojia hawajaacha kulizungumza. Samawati ile ni ya watu wenye uwezo, kwa hiyo mpe mpanda farasi au chifu. Miraba ile ya ukingo ijaribu kwa mtu mmoja tu. Kwa arobaini utaacha mchezo huu.

Ngozi usiipake nyeupe ya Kizungu ya kaskazini. Tacitus, mwanahistoria Mroma, akiwazungumzia Wasilure, kabila la Wales, alihisi asili yao ni Iberia kwa sababu nyuso zao zilikuwa na weusi-weusi na nywele zao nyingi zilijiviringa. Basi anza na kahawia ya wastani, panda kwa rangi ya ngozi iliyochomwa na jua, na nywele ziwe nyeusi zenye mwanga wa kahawia. Weupe wa kanzu utajitokeza wenyewe ukikaa karibu na mkono uliokolea.

Upanga uliopinda, falkata, ni wa chuma: rangi ya metali, maji ya nyeusi kwenye mifereji ya bapa, kisha metali nyangavu kwenye makali. Mpini mara nyingi una umbo la kichwa cha ndege au cha farasi. Huo mwachie kamanda uutie fedha kidogo, kwani falkata ya Almedinilla, iliyopatikana mkoani Córdoba, ina nakshi za fedha. Ala ni ya ngozi yenye fremu ya chuma na pete, na ilining'inizwa kwa mkanda upitao begani. Mkanda huo uupake kahawia nyekundu ili usipotelee kwenye kanzu. Kama boksi lako lina watu wenye visahani vya shaba kifuani, hao ni wa zamani za sanamu za mawe za Porcuna, kusini mwa Hispania, karne ya 5 KK. Kwa jeshi la Hannibal waweke pembeni. Wanafaa zaidi wale mamluki wa Iberia ambao Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, anawataja katika jeshi la Karthago lililoshindwa Himera, Sicilia, mwaka 480 KK.

Ngao ndiyo sehemu ninayoipenda, na hapo uko huru. Kilichosalia makaburini ni mishikio na vitovu vya chuma. Ubao na ngozi vimeoza pamoja na rangi zake. Ngao ndogo ya duara, kaetra, ilikuwa na upana wa sentimita 30 hadi 60, na ile ndefu ya yai ilimfunika mtu kutoka begani hadi gotini. Michongo ya mawe ya Osuna, kusini mwa Hispania, iliyofukuliwa mwaka 1903 na sasa iko Madrid, inazionyesha zote mbili mikononi mwa watu. Kwa michoro ya juu ya ngao, watu wengi huazima mizunguko ya Kikelti, nami naona ni uvivu, wakati Waiberia wenyewe wametuachia mitungi. Vyungu vyao vimechorwa kwa wekundu wa divai juu ya udongo wa krimu: duara ndani ya duara, nusu duara zilizopangwa kwa mstari, mawimbi, na kwenye mitungi ya Elche, kusini-mashariki mwa Hispania, kuna ndege na mbwamwitu wenye meno nje. Mitungi ya Liria, iliyoko Valencia, inaonyesha hata wapiganaji wenyewe. Chukua rangi hizo mbili tu, krimu na nyekundu ya divai, uzipeleke kwenye ngao. Duara ndani ya duara ni rahisi kwenye kaetra kwa sababu kitovu tayari kinakupa katikati: weka ncha ya brashi na uizungushe sanamu. Mawimbi yanafaa kwenye ngao ndefu. Mbwamwitu yuko pia kwenye sanamu ya kifua cha mpiganaji kutoka La Alcudia, karibu na Elche, kwa hiyo kichwa chake kwenye ngao moja ya mbele ni haki yako.

Polybius anasema pia kwamba katikati ya safu ya Cannae vikosi vya Waiberia na vya Wakelti vilipangwa kimoja kikipokezana na kingine, Wakelti wakiwa uchi. Fanya hivyo mezani. Safu ya nguo nyeupe ikifuatiwa na safu ya vifua vitupu, halafu nyeupe tena, ni mandhari ambayo Mroma wa upande wa pili ataikumbuka. Walibya wa pembeni, wao, walikuwa wamevaa silaha walizowapokonya Waroma katika vita vya nyuma, kwa hiyo usishangae kuwapaka kama adui.

Kwenye vitako vya sanamu usiweke majani mabichi. Ilikuwa Agosti katika tambarare ya Apulia, na Livy anataja upepo uliowarushia Waroma vumbi usoni. Mchanga laini uliochekechwa, gundi nyeupe ya mbao, rangi ya udongo mkavu, kisha brashi iliyokaribia kukauka, yenye rangi kidogo ya pembe ya ndovu, ipitishwe juu yake. Kwa mabua, unayo makumbi ya nazi: nyuzi zikatwe milimita 3 hivi, zisimamishwe kwenye tone la gundi. Hakuna majani ya kununua yatakayoshinda hayo.

Unyevu wa Mombasa utakuletea shida mara mbili, mwanzoni na mwishoni. Praima ya kupuliza ikikutana na hewa nzito hutoka na chenga, na vanishi ya kupuliza huweka ukungu mweupe unaofunika kazi yako yote. Puliza alasiri ya siku kavu, kamwe isiwe alfajiri wala baada ya mvua, na ujaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande vya sanamu. Ukiniuliza, kwa makazi yako praima na vanishi za kupaka kwa brashi ni salama zaidi. Vanishi iwe ya kufifiza. Yenye kung'aa itaiua kitani yote. Na kabla ya yote hayo, osha fremu za plastiki kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, na ukwangue kwa wembe mistari iliyoachwa na kalibu za kiwandani, kwa sababu kwenye nguo nyeupe mstari huo huonekana kuliko mahali popote.

Sasa Numantia. Mji huo ulikuwa karibu na Soria ya leo, mbali na pwani, na ulianguka mwaka 133 KK baada ya Scipio Aemilianus, jemadari wa Roma, kuuzungushia ngome na kuwaacha watu wake wafe njaa. Diodorus, mwanahistoria Mgiriki, anasema Waseltiberia walivaa majoho meusi ya sufu ngumu inayofanana na manyoya ya mbuzi, kofia za shaba zenye shungi la zambarau, na miguuni walijifunga vitu vya manyoya. Kwa hiyo ndiyo, baadhi ya sanamu zako zinaweza kufanya kazi zote mbili: chagua wenye joho refu linaloficha kanzu, na wenye kofia yenye shungi. Joho lenyewe lipake kahawia iliyokaribia weusi, na mwanga wake uwe kahawia ya kijivu, kwa viharusi vifupi vilivyokatika ili sufu ionekane ngumu. Wenye ngao ndefu wanafaa, na wenye ngao za duara pia wanafaa. Kinachowasaliti ni falkata, ambayo ni silaha ya kusini na mashariki zaidi. Mseltiberia alipigana kwa upanga ulionyooka wenye makali pande mbili, na kutoka Hispania Waroma waliiga upanga wao wenyewe. Kama boksi lako la Wakelti limebakiza panga fupi zilizonyooka, kata mkono juu kidogo ya kifundo na ubandike hizo kwa supaglu.